Zuio la Muda Makaburini

Fundi aliwajengea makaburi watu wa mtaa mzima, la mkewe akaliacha kiporo. Mganga hajigangi. "Wiki ijayo," alisema, akasema tena, na kichwani pa marehemu pakabaki kibao cha mbao chenye jina la rangi. Siku aliyosomba mchanga na saruji, alikuta tangazo limebandikwa getini pa makaburi. Shule yake ilikuwa ndogo, akamwita bintiye amsomee.

"Zuio la muda, baba. Hakuna kujenga kaburi mpaka halmashauri wamalize kupima eneo."

"Muda gani?"

"Hawajasema."

"Sasa muda usio na mwisho ni muda huo?"

Akaenda ofisini. Karani, kijana mwenye tai fupi, akamweleza kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Mzee, hili si katazo. Katazo ni usifanye kabisa. Zuio la muda ni usifanye kwanza. Umeona tofauti?"

"Nikikatazwa, sijengi. Nikizuiwa?"

"Hujengi."

"Haya, nimeiona," fundi akasema, naye hakuona kitu. Njia nzima alilipindua neno lile huku na huku, kama tofali lisilokaa sawa. Wakubwa hawa! Wanakupa maneno mawili kwa mlango mmoja, nao umefungwa.

Mvua zikaja, zikaenda. Mwezi wa saba bintiye akaja mbio: "Baba, wameliondoa!"

Asubuhi fundi akasukuma toroli hadi makaburini, akaduwaa. Vibao vyote vilikuwa vimeng'olewa ili wapimaji wapite na vyombo vyao, vikarundikwa ukutani, rangi imechujuka. Na pale alipomlaza mkewe palikuwa na matuta mawili, sawa kama mapacha, yamedidimia, nyasi juu. Alihesabu hatua kutoka getini: la kushoto. Akahesabu tena: la kulia.

"Mama watoto, ni wewe?" akauliza, kisha akaona haya.

Akaanza kuchimba msingi kuyazunguka yote mawili.

Karani akatokea, faili kwapani. "Mzee, vipi tena! Moja hilo si lako."

"Lipi, mwanangu?"

"Si unajua mwenyewe?"

"Nilijua, kabla hamjapima. Nionyeshe lisilo langu, nitaliacha sasa hivi."

Karani akafungua faili, akaigeuza ramani, akaigeuza tena, akatazama matuta. Akarudisha faili kwapani. Fundi akamwaga maji kwenye saruji, akakoroga.

"Basi usinisimamie bure juani," akasema. "Shika mwisho wa kamba hapo, ukuta unyooke."

Karani akashika.