Shibiri Tatu na Nusu

Mtaani walisema Sihaba ana makuu. Mtu amepanga vyumba viwili tu hapa Kibiti, choo cha nje anachangia na wapangaji wenzake, halafu anataka mashine ya kufulia na juu yake mashine ya kukaushia! Wacha waseme. Si wao waliokuwa wakikamua mashuka manne kwa siku masika yote hii, wala si mikono yao iliyochubuka kwa sabuni.

Mama yake, Bi Mwanajuma, aliletwa kutoka Mbuchi mwaka jana baada ya kupooza upande wa kulia. Tangu hapo haja ndogo haikumsubiri tena. Kiangazi walimudu, maana shuka la asubuhi lilikuwa limekauka adhuhuri. Mvua zilipoanza ndipo mambo yakaharibika. Mashuka yakawa yananing'inia sebuleni siku mbili tatu, juu ya cherehani ya Sihaba, yakinuka uvundo mpaka wateja wa kushona wakawa wanasimama mlangoni. Na kwa kuwa hakuna jingine, jioni anamtandikia mama yake shuka bichi.

Siku moja Bi Mwanajuma akaacha kusali.

"Sali hivyo hivyo, mama," Sihaba alimwambia. "Sheikh amesema mgonjwa ana udhuru."

"Udhuru naujua, mwanangu. Na Mungu ni mwenye huruma, hilo nalijua kabla hujazaliwa. Lakini mimi naona haya."

Neno hilo lilimchoma Sihaba. Mama huyu alikuwa akisali kwenye matope ya shamba la mpunga, kanga imelowa mpaka magotini, na hakukosa hata sala moja. Leo anaona haya. Basi makuu yenyewe ndiyo hayo: Sihaba alitaka mama yake alale pakavu, asali kabla hajafa.

Alikwenda dukani kwa Gharibu, muuza vyombo vya umeme pale karibu na stendi. Gharibu alimwonyesha moja inayofua na kukausha humo humo, lakini hakumficha kwamba shuka zito litakaa ndani nusu ya siku na pengine litoke na unyevu. Akamwonyesha mbili za kukaa ubavu kwa ubavu. Kwa chumba gani? Mwisho akampeleka kwenye zile za kupandiana, ya chini inafua, ya juu inakausha, na maji ya nguo yanajikusanya kwenye kichombo cha kuchomoa na kumwaga.

"Hizi zinakula nafasi ya mashine moja tu, dada. Ila kapime kwanza unapotaka kuziweka."

Palikuwa mahali pamoja tu, kati ya kitanda cha mama na ukuta wa bomba. Sihaba alirudi na futi yake ya ufundi shingoni, akainama kupima.

"Acha," mama yake akasema. "Nisogeze hapo ukingoni. Napima mimi."

Jamani, tangu apooze hakuwahi kutaka kufanya lolote! Bi Mwanajuma alikuwa msukaji wa mikeka, na maisha yake yote kipimo chake kilikuwa shibiri, mkono ukitanuliwa kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Sihaba alipokuwa msichana walisuka pamoja, mama upande huu na mtoto upande ule, kila mmoja akipima kwa mkono wake, na pande mbili zikikutanishwa hazipishani hata unyasi. "Shibiri yako na yangu ni moja," mama alikuwa akijisifu mbele ya wanunuzi. Sihaba akamsogeza. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaupitisha kuanzia ubao wa kitanda mpaka ukutani, polepole, huku akihesabu kwa sauti.

"Tatu na nusu," akasema, na akatabasamu.

Ungekuwa wewe, ungepima tena nyuma yake? Sihaba hakupima. Alikunja futi akaitia mfukoni.

Dukani Gharibu alicheka. "Fundi mzima, futi unayo, unaniletea shibiri?"

"Shibiri ya mama haijawahi kukosea." Akaipima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa shibiri tatu kamili, na nusu inabaki ya kupumua. Akachukua.

Saadi, fundi wa kufunga, aliileta kesho yake pamoja na mwenzake. Wakaingiza ya chini kwa ubavu, ikaenda kidogo ikakwama. Wakaigeuza, ikakwama. Ilikosa nafasi ya vidole vitatu. Kitanda kwa upande wa pili kilishagusa ukuta, na sebuleni hakuna bomba.

"Haiwezekani," Bi Mwanajuma akasema. "Tatu na nusu. Nimepima mimi."

Akainua mkono ili awaonyeshe. Dole gumba na kidole cha mwisho vilianza kuachana, vikapita nusu ya safari, vikagoma. Akajaribu tena kwa nguvu, vikagoma pale pale. Saadi akaangalia dari.

"Kumbe na huu nao umeshakwisha," mama akasema.

"Ni dukani, mama, wametuchanganyia," Sihaba akadakia.

"Usimsingizie mtu. Kinachozidi humu ni mimi. Nitoeni, iingie."

Sihaba alitoka nje akalia, wala hakujificha.

Gharibu hakuleta ubishi. Aliirudisha ile kubwa, akasema zipo nyembamba Dar, Ijumaa zitafika. Sihaba akahesabu siku. Kila shuka lililofuliwa akawa anajaribu kulikausha kwa pasi ya mkaa, kipande kwa kipande, mpaka mgongo unakataa. Jumatano baada ya alasiri aliingia chumbani na shuka la moto mikononi, limekauka lote isipokuwa pindo moja. Alimkuta mama yake ameshakata roho, mkono wa kushoto uko kifuani, na chini yake pamelowa.

Bi Mwanajuma hakusali. Tuseme tu ukweli, hakuwahi kusali tena.

Walimzika Mbuchi. Wanawake walimwosha, wakamkausha, wakamvisha sanda, na Sihaba akaishika ile sanda kwa vidole ili ahakikishe. Ilikuwa kavu.

Aliporudi Kibiti baada ya matanga, majirani walikuwa wameshatoa kitanda. Saadi alileta mashine nyembamba, akaisimamisha ukutani, ya juu juu ya ya chini, ikakaa bila shida.

"Nafasi hii, dada, hata ile kubwa inge..." Akajing'ata ulimi. "Nisamehe."

"Sema tu. Ingeenea."

Saadi alipoondoka, Sihaba alifua mashuka yote ya mama yake. Yalifuliwa chini, yakazunguka juu, yakatoka makavu na ya moto, hata harufu yameipoteza. Akakaa nayo sakafuni. Kwenye saruji palikuwa na alama mbili za miguu ya kitanda. Akachukua futi, kisha akaiweka chini. Akakunja vidole kidogo, vile alivyoviona vikigoma siku ile, akapima pembeni ya mashine, kuanzia kwenye alama mpaka ukutani, akihesabu kwa sauti.

Moja. Mbili. Tatu. Na nusu, kamili.

Alipiga ukelele, majirani wakaja mbio mlangoni, wale wale wa makuu, wakamkuta amekumbatia mashuka.

"Hakukosea," akawaambia. "Mama hakukosea. Mimi ndiye niliyekuwa na futi shingoni."