Mshale na Meza ya Kukatia

Fundi suruali alikuwa na mzaha mmoja aliozeeka nao. Kila mteja aliyemwambia, "Nibane kiuno kidogo, fundi, nitapungua tu," alimjibu, "Haya bwana, lakini kitambaa hakina subira." Kisha alishona kiuno kile kile alichopima. Alijua watu huagiza nguo ya mtu wanayetamani kuwa, akawacheka miaka yote hiyo. Nyani, kama kawaida yake, hakuona kundule.

Watoto walipooa na kuolewa, nyumba ikabaki na mlio wa cherehani peke yake. Binti yao wa mwisho akasema, "Baba, Mama, tafuteni mbwa jamani, mtasahau hata kuongea." Basi mume na mke wakavaa nguo za kutokea, wakaenda nje ya mji kwa mama mmoja mfugaji.

Mfugaji alikuwa amebakiwa na mbwa wawili. Wa kwanza alikuwa kijibwa wa miguu mifupi na manyoya tele, mbegu iliyozalishwa kwa kazi moja tu, kupakatwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye viatu vya mke wa fundi, akavilalia, akapitiwa na usingizi papo hapo. Wa pili alikuwa mbwa mchungaji, bado kijana, miguu mirefu na macho yasiyotulia, akikimbia huku na huko kwa raha tu ya kuwa na miguu. Macho hayana pazia. Fundi alimtazama yule mrefu akajiona mwenyewe, kitambi kimekwisha, goti limepona, majirani wanamwamkia akipita mbio na mbwa wa maana.

"Maisha yenu yakoje?" mfugaji aliuliza. "Nauliza kwa sababu hawa hawafanani. Huyu mfupi anataka paja na mlango uliofungwa, basi. Yule mrefu, wazazi wake walishinda malishoni wakizunguka kondoo. Asipokimbia kila siku anaharibikiwa kichwa."

"Mimi hukimbia kila alfajiri," fundi alisema.

Mkewe akamgeukia. Yeye ndiye aliyelikanda lile goti kwa maji moto. Neno moja lingetosha, lakini mwanamke huyu hakuwahi kumvua mumewe nguo mbele ya watu, na hakuanza siku hiyo. Aliinama, akamnyanyua kijibwa kutoka viatuni pake taratibu asimwamshe, akamlaza pembeni.

Njiani, wakirudi na yule mrefu, mke alisema jambo moja tu. "Mtu hujikuna ajipatapo, baba watoto."

"Utaona. Jumatatu naanza."

Mbwa wakamwita Mshale. Jumatatu mvua ikanyesha. Jumanne kulikuwa na sare za shule zinazongojewa, Jumatano goti likagoma, na baada ya hapo hakuna aliyeitaja Jumatatu tena. Mke ndiye aliyemtoa Mshale, mpaka kona na kurudi, akiburutwa kama mkokoteni, hadi siku alipoburutwa akaanguka na kifundo cha mguu kikavimba. Fundi alimletea barafu na maneno mengi. Mke alichukua barafu.

Ikabidi Mshale ashinde ndani, kwenye chumba cha mbele cha kushonea. Huko akajitafutia kazi. Alizunguka meza ya kukatia, kona baada ya kona, akipunguza mwendo penye kigoda cha fundi asimgonge miguu, kisha akaongeza. Kucha zake zikachora njia sakafuni.

"Fundi, umenunua feni ya chini?" wateja walitania.

"Mazoezi hayo," fundi alijibu, akacheka nao. Wakishatoka, alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asizisikie zile kucha.

Mchana mmoja mbwa alisimama ghafla, akaja akaweka kichwa juu ya lile goti bovu na kumtazama. Hakulia, hakutikisa mkia. Fundi akamsukuma kichwa. "Nenda kacheze." Mshale, kwa utiifu wake, akarudi kuzunguka meza. Nafsi ilimsuta fundi mpaka mshono ukapinda, akaufumua, akaushona, ukapinda tena.

"Tumrudishe," alisema.

Mkewe alivaa viatu, akachechemea hadi mlangoni.

Kwa mfugaji uwanja ulikuwa vile vile, nyasi tupu hadi kwenye uzio wa mbali. Mfugaji alimfungua Mshale kamba. Mbwa akasimama, akanusa, akaanza kukimbia. Hakufika mbali, akapinda kushoto. Akapinda tena, na tena. Katikati ya uwanja wote ule alikuwa akizunguka meza isiyokuwepo, na kila alipofika penye kigoda alipunguza mwendo, asimgonge mtu.

Mfugaji aliuliza, "Fundi, ulikuwa ukikimbia naye wapi?"

Kwa mazoea fundi alimgeukia mkewe. Safari hii mkewe alikuwa anaangalia nyasi.

"Sijakimbia hata siku moja," fundi alisema. "Nilikudanganya. Mke wangu alijua, akanisitiri, na mguu ule ndio malipo yake."

Alingoja kugombezwa, afadhali angegombezwa. Mfugaji alimwambia mke tu, kwa sauti ya chini, "Yule wako mfupi alichukuliwa siku ile ile."

"Nilijua atachukuliwa," mke alisema.

Fundi akavua koti, akaingia uwanjani, akasimama pale pale kigoda kilipopaswa kuwa. Mshale akaja, akapunguza mwendo.

"Twende," fundi alisema, akakimbia. Alikimbia vibaya, kitambi mbele, goti likimwonya kila hatua, lakini alinyoosha kwenda mbele. Mshale alimfuata hadi penye kona, akasita.

"Huku! Mshale, huku!"

Mbwa akaivuka ile kona. Akawa sambamba naye, kisha akampita, masikio nyuma, akatandaza miguu. Fundi hakuwahi kumwona akikimbia hivyo tangu siku aliyomchagua. Goti likakataa, akaanguka nyasini akihema.

Mbali kule kwenye uzio, Mshale alisimama na kugeuka. Alikuwa anamtazama, anangoja kuitwa.

"Usimwite," mfugaji alisema nyuma yake. "Ukimwita atarudi."

"Simwiti," fundi alisema, akaziba mdomo kwa mkono.