Kuku wa Binti

Fundi viatu alitaka bintiye ajue hela mapema. "Mwanangu, niuzie kuku wako," akasema. Binti, aliyemlea yule kuku tangu kifaranga, alidhani ni utani, akapokea noti huku akicheka.

Jioni akamkuta baba ananoa kisu.

"Baba, shika hela yako, unirudishie!"

"Nilinunua kwa hiyo. Ninauza kwa mara mbili yake."

"Sina nyingine, baba."

"Basi ukiuza, umeuza."

"Baba watoto, mtoto huyu bado mdogo," mama alilalama.

"Ndiyo umri wenyewe."

Kuku akaiva. Binti akaweka ile noti mezani, akachukua paja bila kulionja, akatoka kwenda kulifukia nyuma ya nyumba. Baba akaitia noti mfukoni.

"Mtoto ana akili," akasema, akaendelea kula.