Hewa Itakayomfaa Mama

…tanuri, ndilo neno alilolitumia, kijana wangu wa kwanza, mhandisi mzima, amekaa kwenye kochi langu na soksi zake za kazini ananiambia mji wake ni tanuri, "Mama, kwetu usiku hulali, unagaagaa tu mpaka kunakucha," na mwaka jana alipohamia nyumba mpya ni huyuhuyu aliyenipigia simu, Mama njoo uone, upepo wa bahari unaingia dirishani hata feni hatuwashi, sasa huo upepo umekwenda wapi, nao umehama?… nimeshika kikombe, chai imepoa kitambo, sitaki kukiweka chini, nikikiweka watadhani nataka kusema, na mimi nina hasira tu, na chini ya hasira nina woga, maana mwisho wa mwezi nyumba hii naiacha na sijui nitalala kwa nani… daktari alisema mambo mawili, baada ya mimi kuteleza bafuni na kulala sakafuni mpaka jirani aliposikia, alisema mama huyu asiishi tena peke yake, akasema na kifua chake kinataka hewa nzuri, basi wanangu la kwanza wakalimeza kimyakimya na la pili wakalishika kwa mikono miwili, tangu asubuhi ni hewa, hewa, miji mitatu yote iko kwenye barabara moja ya pwani, bahari ni ileile, lakini ukiwasikiliza utadhani mmoja uko jehanamu na mwingine jangwani, "Kaka, afadhali hata hilo joto," huyo ni binti yangu mfamasia, "kwetu ni vumbi, upepo haupumziki, mtu unafagia, ukigeuka nyuma unaanza upya, kifua cha Mama kitaweza kweli?" anamwuliza kaka yake, haniulizi mimi mwenye kifua, siku hizi wananijadili mbele ya macho yangu kama kabati la kuhamishwa, litapita mlango gani, nani ana gari la kulibeba… na bustani yake anayonitumia picha zake kila wiki, yale maua mekundu, yanaota kwenye vumbi?… walipokuwa wadogo paa letu lilivuja, mvua ikianza nasukuma kitanda kona hii, nasukuma kona ile, wao watatu juu yake wanacheka, wanadhani ni mchezo, na asubuhi naligeuza godoro, nalitoa uani, jua likitoka nalifukuzia jua… hakuna aliyeniuliza hewa gani inamfaa nani, mbona nalia, silii, ni huu moshi wa jirani, "Wifi, na kwenu je?" anauliza binti yangu, haya, sasa zamu ya mke wa kitinda mimba wangu, kitinda mimba mwenyewe anaangalia zulia, muuza matairi huyu, mdomo wake wote uko dukani, nyumbani anasema mkewe, na mkewe mimi sijawahi kumpenda, wacha niseme ukweli, siku ya kwanza kuletwa hapa aliniambia mchuzi umezidi chumvi, na leo kaja kwa mama mkwe na kucha zina weupe weupe kama hakunawa, "Mama, mimi sikufichi," anaanza, aa, huyu hafichi kitu, "kwetu ni mvua, ikianza haijui kuacha, kile chumba cha nyuma ukuta unatoka jasho, godoro nimelianika, nimeligeuza, bado linanuka ukungu, hata pazia nimelibadilisha, usije ukasema hatukukwambia," basi, nilijua, watatu wote wamefunga mlango, joto, vumbi, mvua, kilichobaki ni nini, theluji?… chumba cha nyuma… kile si cha matairi? nilipokwenda mara ya mwisho nililala sebuleni, matairi yalikuwa yamefika darini, kijana wangu akaniomba radhi mpaka nikamwonea huruma, sasa godoro limeingiaje humo, limelala juu ya nini, na pazia, nani anayatundikia matairi pazia… ule weupe kwenye kucha si uchafu, ni rangi, rangi ya ukuta, mwanamke huyu amepaka ukuta kwa mkono wake, ukuta ukaitema rangi kwa unyevu, akapaka tena, na godoro analigeuza, analitoa nje, anafukuzia jua, jamani, kumbe wenzake wanasema joto wakiwa hawajasogeza hata kiti, na yeye ananilalamikia kitanda ambacho tayari ni changu… au najidanganya, mtu mzima nimekamatia godoro, na kama ni la mgeni mwingine? mgeni gani, hawana mgeni, kijana wangu ameinua macho kutoka kwenye zulia, ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama akiwa juu ya kitanda, akingoja nimsukume kona gani… "Sasa Mama useme mwenyewe," anasema mkubwa wao, amekwisha kuangalia saa, "usitufikirie sisi, mji gani una hewa unayoipenda?" chai baridi, kikombe bado mkononi, mkwe wangu ameinamisha kichwa anakwangua rangi kwenye kucha, na mimi nitasema, nivute pumzi kwanza, nitasema napenda mvua.