Sindano za Corrine

Thad Halvorsen huchoma sindano ng'ombe mia tatu huku anapiga mluzi. Kwa hiyo daktari wa jijini Madison alipomweleza kwamba mkewe Corrine angehitaji sindano ya projesteroni kila jioni, ile homoni inayoishikilia mimba isitoke, alicheka. "Dokta, hilo niachie mimi."

Walikuwa wamehangaika miaka sita, na mimba mbili zimeharibika. Sasa kiinitete kilichotungwa maabara kingepandikizwa mwezi wa Agosti. Sindano zilitakiwa zianze siku tano kabla, ziendelee mpaka wiki ya kumi ya mimba, kondo la nyuma lianze kutengeneza homoni hiyo lenyewe.

Jioni ya kwanza Corrine aliinamia sinki la bafuni. Thad aliipasha moto chupa ya dawa kwapani, maana imechanganywa na mafuta ya ufuta na ikipoa huwa nzito. Akaivuta dawa, akaitazama sindano, akalitazama kalio la mkewe, akaanguka chini kama gunia. Kichwa kikagonga beseni la kuogea.

Corrine akanipigia simu mimi, jirani yao. Nilikuwa nesi wa shule yetu miaka thelathini na moja. Nusu ya wanaume wa mji huu nimewaona wakilia. Nilifika na aproni yangu, nikamruka Thad pale sakafuni, nikamdunga Corrine kwanza.

"Na huyu je, Bi Lavonne?"

"Huyu anapumua. Sugua hapo, mwanangu, mafuta yasigande."

Thad alishonwa nyuzi tano. Walioulizia aliwaambia kapigwa teke na ng'ombe namba mia mbili na kumi na mbili.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Thad iliishia Ijumaa ya wiki ileile, baa, ambako mji mzima hukutana kula samaki wa kukaanga. Baba yake, mzee Verlyn, aligonga meza na kutangaza kwa sauti:

"Jumatatu yule mia mbili na kumi na mbili anakwenda machinjioni. Sifugi mpiga mateke mimi!"

Thad aliacha kutafuna. Hakuna ng'ombe aliyekuwa akitoa maziwa kumzidi yule.

"Baba, usimpeleke. Hakunipiga."

"Sasa nani kakupiga? Mkeo?"

Watu wakacheka. Thad akainama juu ya sahani yake. "Beseni," akasema, na hapo ikabidi aeleze yote.

Mzee Verlyn aliweka bia chini. "Wewe? Uzimie kwa sindano?"

"Ng'ombe si mke wangu, baba."

"Mbona dawa yenyewe naijua! Ng'ombe tunawawekea ukeni kile kipira chenye dawa siku saba, ukikitoa tu, anaingia joto, anataka dume. Kwa nini wasimpe kipira?"

Mhudumu wa kaunta akasema kalio la kushoto ndilo linalofyonza dawa vizuri. Mwingine akaapa kwamba shangazi yake alipata mapacha kwa kula viazi vitamu. Wanaume ambao hawajawahi kujua wake zao wanavaa viatu namba ngapi, jioni ile wote walikuwa mabingwa wa uzazi.

Corrine, aliyekuwa ameketi kando ya mumewe, akasimama.

"Kuna mwingine mwenye maoni juu ya kalio langu? Maana kushoto kumevimba, na kulia kumeota uvimbe wa mafuta. Mwenye ushauri aje kesho saa kumi na mbili jioni, aanze kwa kudungwa yeye."

Mzee Verlyn alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mimi nilikuwa nasema habari za ng'ombe tu, mwanangu."

"Najua, baba. Ndiyo shida yenyewe."

Mimba ilishika. Kila jioni walikuja kwangu, Thad akikaa sakafuni kabisa ili asiwe na pa kuangukia. Wiki ya saba alianza kunishikia pamba. Sindano ya mwisho aliomba aichome mwenyewe, akiwa amepiga magoti, jasho linamtoka.

"Umeshaingiza?" Corrine akauliza.

"Bado. Nasali."

Akaingiza. Hakuanguka.

Kesho yake, saa ileile, Corrine alibisha hodi peke yake, theluji ya kwanza ikiwa mabegani.

"Bi Lavonne, je, kama kondo la nyuma halijaanza kutengeneza homoni lenyewe?"

"Daktari kasema limeanza."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona ukae unywe kahawa."

Alikaa. Hakuinywa. Alikishika kikombe mpaka saa ya sindano ikapita, kisha akavuta pumzi, akaomba biskuti.

Binti alizaliwa mwezi wa Mei, wakamwita Solveig. Thad alikimbilia hospitali na mabuti yake ya zizini, yamejaa samadi, na manesi wakamtoa nje akayavue. Aliporudi na soksi tu miguuni alikuta keshakuwa baba.