Kinyongo cha Kukhu Abbo

Mimi nasema wazi: Kukhu Abbo alikuwa na mdomo mchafu, na mdomo huo ndio uliomweka hai. Alikuwa nyanya wa mume wangu Owor. Reli ilipofika Tororo tayari alikuwa na wajukuu, na Uganda tulipopandisha bendera yetu, yeye alikuwa bado anachuma kunde zake mwenyewe hapa Sop Sop na kumtukana kila apitaye njiani. Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, kwa hiyo nilimwita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu.

Kila asubuhi alitoka na fimbo kutafuta kosa. Ua nimefagia vibaya. Kuku wangu wamechafua kuni zake. Nami simwachii, namwambia, "Kukhu, kama umenichoka si ufe?" Naye, "Nife nikuachie nyumba yangu, mwizi wewe?" Tukimalizana hapo anakula viazi vyake vyote, nami naenda shamba moyo mweupe. Haki ya Mungu, tulipendana.

Wenzake wapole walikwisha kufa. Apendi, jirani yetu ambaye hakuwahi kugombana na mtu, alizikwa zamani mpaka kaburi lake linalimwa mihogo.

Taabu ilianza Othieno, mwana wa mwisho wa Kukhu, alipofiwa na kijana wake mkubwa. Uchungu wa kuzika mtoto simlaumu. Lakini akaanza kupita kwa watu akisema, "Mama anakula miaka ya watoto wetu. Mtu anaishi hivi bure?" Halafu binti yangu Akwi akashikwa na malaria. Nilimbeba mpaka zahanati ya Masafu, akadungwa sindano, akarudi anaomba muwa. Othieno sindano hakuiona. Aliona mtoto mwingine mgonjwa katika boma la mama yake.

Wazee wa ukoo wakaketi. Wakaamua Kukhu atoe kinyongo, au ahame boma arudi kwao. Kwao wapi, jamani, na wote wamekufa! Kutoa kinyongo katika ukoo huu ni hivi: pombe ya wimbi, yaani ulezi, inapikwa, mwenye hasira anaivuta kwa mrija, anamtaja aliyemkosea, kisha anaitema chini. Ikishagusa udongo kosa limekufa, halitajwi tena mpaka kaburini.

Nilisimama mbele ya wazee, mke wa watu mimi. "Mtoto wangu aliumwa na mbu, hakuumwa na Kukhu!" Owor akanivuta nguo nikakaa.

Kukhu naye akawaambia, "Sina kinyongo. Nina mdomo." Akaingia kwake akafunga mlango.

Nikamfuata. "Kukhu, tema tu yaishe. Ni mate."

"Mimi nikitema, nimetema kweli. Sijui kuigiza."

"Sasa unataka ukalale porini na uzee huu?"

Mwishowe akasema, "Wapike hiyo pombe."

Siku ilipofika alimtaja marehemu mumewe, kwa kumletea mke mwenza. Akatema. Akawataja majirani, wengine hata sisi hatukuwajua. Akatema. Akamtaja Othieno kwa kumwita mama yake mchawi, na mwisho kabisa akanitaja mimi, kwa yote. Wanawake wakapiga vigelegele, Othieno akalia kama mtoto akimshika mama yake mikono. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilijua atabaki nasi.

Asubuhi yake hakutoka. Nilimkuta amekaa mkekani anatazama ukuta.

"Kukhu, ua sijafagia leo."

"Utafagia ukipata nafasi."

Nikawafukuzia kuku kwenye kuni zake makusudi, wakafanya fujo zao zote. Hakugeuka. Viazi akawa anaonja tu na kusukuma sahani. Watu wakaja kumwona, wakatoka wanasifu. "Tazama alivyotulia!" Othieno aliniambia. "Sasa ataishi vizuri." Wee! Nilitamani kumzaba kofi. Kila siku niliamka mapema nikasikiliza kama fimbo itagonga mlango wangu, na kila siku nilizidi kuogopa.

Siku moja nikampikia chai, badala ya sukari nikatia chumvi, konzi nzima. Nikampelekea mwenyewe.

"Kunywa, mchawi wewe," nikamwambia.

Akainywa. Akainywa yote, polepole, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Asante, mwanangu. Ni tamu."

Nilitoka mbio mpaka shamba, kwa Owor.

"Nenda Busia ukawaite dada zako walioolewa huko. Waje leo leo."

"Kwani Nyanya anaumwa?"

"Haumwi," nikasema, machozi yananishuka. "Amenishukuru."

Owor aliweka jembe chini, akaenda kutoa baiskeli.