Protoni na Mtani

Bertila hakuwa mtu wa kutetemeka mbele ya ubao. Alikuwa amefundisha fizikia Tabora miaka mingi, na asubuhi ile ya mwaka 1984 alitaka kitu kimoja tu: nafasi ya utafiti chuo kikuu. Mtahini wake, Dokta Saidi, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Dar kumsikiliza katika ukumbi wa shule, mbele ya walimu wenzake.

"Uzito wa protoni siwezi kuukokotoa, kompyuta hatuna," Bertila alianza. "Lakini nitathibitisha kwamba protoni haiwezi kuwa nyepesi kuliko pioni."

Pioni nayo ni chembe iliyofungwa na nguvu ileile kali ya kiini cha atomu. Kila chembe ina mwangwi wake, akaeleza, na mwangwi unaofifia haraka ni wa chembe nzito. Mwangwi huo ni hesabu ya kila mpangilio ambao nguvu hiyo inaweza kuwa nao, na ule wa pioni ni kujumlisha tupu. Wa protoni una kutoa ndani yake, kwa hiyo hauwezi kudumu zaidi ya ule wa pioni.

"Nyie Wanyamwezi," Dokta akamkata, "mmebeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo bila kupima hata mmoja. Leo mnapima protoni? Na huko kujumlisha tupu mmekuokota njia ipi?"

Walimu wakaangua kicheko. Saidi ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wakitukanana hakuna wa kununa.

"Tumekuokota kwenu pwani, mtani, mlikuwa mmelala," Bertila akajibu, akaugeukia ubao.

Chaki ikagoma mkononi. Dokta hakuwa amecheka. Lile lilikuwa swali la kweli lililovishwa utani: kwa nini kila mpangilio wa nguvu ujumlishe, usitoe? Hatua hiyo Bertila alikuwa ameiruka. Angeweza kuiruka tena, na ukumbi mzima ungemshangilia. Aibu ilimpanda, akaifukuza.

"Umeuliza la maana," alisema. Akafuta nusu ya ubao, akaonyesha kwamba kila mpangilio una namba yake, na namba hiyo inazidishwa kwa yenyewe, basi jibu haliwezi kuwa hasi. "Hii ni kweli mahali patupu tu. Chembe zikisongamana, kama ndani ya nyota nzito, siwezi kuapa. Sijui."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. Kwake yeye, ile "sijui" ilikuwa imeizika nafasi.

Dokta Saidi alivua miwani.

"Hapo ndipo na mimi nilipokwama, mtani," alisema. "Njoo Dar tukwame wote."